Pama ya Ecuador: nani analipwa, na katika hatua ipi

Siku ya soko katika miji midogo ya Azuay na Cañar, nyanda za juu za kusini mwa Ecuador, mwanamke huja na kofia ambayo mgeni angeitazama mara mbili kabla ya kukubali kuwa ni pama. Ukingo umejikunja huku na huku, utosi haujakaa umbo la kichwa, na pembeni pote chane ndefu zinaning'inia bila kukatwa. Mnunuzi anaishika, anaiinua juani aone matundu, anapitisha kidole utosini, anataja bei. Kazi iliyomchukua mwanamke yule siku kadhaa, pengine wiki nzima katikati ya shamba na jiko, inahukumiwa kwa dakika moja. Akikubali, anachukua pesa na kwenda upande wa pili wa soko hilohilo kununua majani ya kofia inayofuata.

Kofia hiyohiyo, baada ya kupita mikono mingine, huonekana kiangazi kikifika kwenye madirisha ya maduka ya London na New York ikiwa nyeupe, imenyooka, ina utepe mweusi, na bei yake ni mara nyingi ya ile iliyotajwa sokoni. Inauzwa kwa jina la Panama, nchi ambako haikusukwa.

Huzuni ya kisa hiki inajulikana, na imeandikwa sana kwa mtindo wa kumlilia msukaji na kumlaani dalali. Mimi nataka tukitazame kwa namna nyingine, kwa sababu kilio kile hakijamwongezea mtu senti. Ninavyoona, msukaji huyu anaumizwa na mambo mawili yanayoweza kutajwa na kuonyeshwa kwa kidole: kofia inamtoka mkononi kabla haijawa kofia, na kipimo cha ubora kinakaa kwa anayenunua. Mengine yote yanafuata hapo.

Majani yenyewe

Toquilla ni mmea unaoitwa kitaalamu Carludovica palmata. Ukiuona utadhani ni mwaa au mkindu mchanga, ila si wa ukoo wa minazi kabisa. Unapenda ukanda wa pwani ya Ecuador wenye unyevu, katika majimbo ya Manabí na Santa Elena. Kinachokatwa ni chipukizi ambalo jani lake bado limefumba. Ganda la nje la kijani huondolewa, jani la ndani huchanwa, kisha chane huchemshwa kwa muda mfupi na kutundikwa. Zikikauka, kila moja hujikunja kwa urefu wake ikawa uzi mwembamba wa mviringo. Halafu hufukizwa kwa moshi wa salfa ndani ya sehemu iliyofungwa ili zing'ae.

Hadi hapo mtu wa Pemba, Lamu au Mafia anayejua kutayarisha ukindu hatapotea. Tofauti inaanza kwenye kusuka. Pama ya kwetu hutokana na ukili: mtu anasuka utepe mrefu, unapimwa kwa pima, kisha utepe ule unazungushwa kuanzia utosini na kushonwa tabaka kwa tabaka hadi ukingo. Kazi inaweza kugawanywa. Bibi anasuka ukili barazani, mwingine anashona, na ukili wenyewe una bei yake kabla haujawa kitu. Kofia ya toquilla haina mshono hata mmoja. Msukaji anaanza na chane chache katikati ya utosi, anaongeza nyingine kadiri duara linavyopanuka, anateremka ubavuni, anatoka kwenye ukingo, anamaliza. Kitu kimoja, mtu mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Uzuri wa kofia hiyo unatoka hapo, na udhaifu wa aliyeisuka pia. Kazi isiyogawanyika haina kituo cha katikati cha kuuzia. Mwenye ukili wa pima kumi anaweza kuuza tano leo akala, akaweka tano. Mwenye kofia ya toquilla iliyofika nusu hana cha kuuza, na siku akiimaliza ana haraka ya pesa kuliko mtu yeyote sokoni. Anayenunua anajua.

Pwani na milima

Ndani ya Ecuador kuna dunia mbili za kofia hii, na ni kosa kuzichanganya. Ya kwanza ni Montecristi, mji wa Manabí, pamoja na kijiji cha Pile kilicho ndani ya wilaya hiyo. Huko ndiko zinakosukwa kofia laini kuliko zote. Msukaji wa Pile hufanya kazi amesimama na kuinama, kifua kimelala juu ya mto uliowekwa kwenye kiunzi cha mbao, mikono ikining'inia mbele. Hufanya alfajiri, jioni, au siku ya mawingu, kwa sababu jua kali hukausha chane zikavunjika na jasho la vidole huacha doa. Idadi ya misuko katika kila mzunguko inahesabiwa. UNESCO, ilipoandika juu ya kazi hii, ilisema kofia moja inaweza kuchukua siku moja hadi miezi minane kulingana na ubora wake. Mwenye miezi minane hakai milimani. Ni wa Pile.

Dunia ya pili ni Cuenca, mji wa Azuay, pamoja na miji midogo na vijiji vinavyoizunguka: Sígsig, Chordeleg, Biblián, Azogues. Huku wanasuka wakitembea, wakichunga, wakisubiri basi, wakiongea na jirani, chane zimefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Kofia nyingi zinazovaliwa duniani kama pama halisi ni za huku, kwa mitindo miwili mikuu ya msuko: ule unaoitwa brisa, wenye vijiumbo vidogo vya almasi, na ule wa Cuenca unaofanana na mifupa ya samaki. Cuenca iko mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, toquilla haistawi kwenye baridi hiyo. Kwa hiyo mwanamke wa Sígsig hanunui tu majani, ananunua majani yaliyosafirishwa kutoka pwani na kupita kwa wachuuzi. Anaingia sokoni akiwa tayari na deni au na akiba iliyopungua. Mtu wa Montecristi angalau yuko karibu na mmea.

Kwa nini watu wa milimani waliingia kwenye kazi isiyo na malighafi nyumbani? Katika miaka ya 1840 hali ya Azuay ilikuwa mbaya. Biashara ya nguo za kusokota nyumbani ilikuwa imedorora, mashamba yalikuwa madogo na ya mteremko. Uongozi wa mji wa Cuenca ukaanzisha mafunzo ya kusuka kofia, watu wakaipokea, na kwa miaka michache vijiji vizima vikawa vinasuka. Kumbuka jinsi ilivyoanza: watu waliletewa ufundi na malighafi, wakaachwa nje ya biashara. Wenye biashara walikuwa Cuenca mjini, na zaidi yao Guayaquil bandarini.

Kofia zilishuka bandarini, zikapanda meli hadi Panama, na huko zikakutana na bahati kubwa. Kuanzia 1849 maelfu ya watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya California walivuka shingo ile ya nchi, jua linawachoma, wakanunua walichokikuta. Hapo ndipo jina liliposhika. Mwaka 1855 kofia zilionekana kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Mwezi Novemba 1906, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kukagua ujenzi wa Mfereji wa Panama, akapigwa picha ndani ya mashine ya kuchimba akiwa na suti nyeupe na kofia ya majani, picha ikazunguka dunia. Montecristi yenyewe imemtoa mtu aliyejua biashara hii kwa ndani. Eloy Alfaro, aliyezaliwa hapo 1842, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa kofia, na yeye mwenyewe alitajirika Panama kabla ya kurudi na kuwa rais wa Ecuador. Pesa ilikuwepo. Ilikuwa kwenye meli na bandarini.

Kinachofanyika baada ya soko

Turudi kwa ile kofia yenye chane zinazoning'inia. Ikitoka kwa mwanamke wa sokoni hupita kwanza kwa mtu wa kukaza ukingo, anayevuta chane moja moja hadi msuko wa mwisho ushikamane usifumuke. Kisha zinakatwa zilizozidi. Kofia huoshwa, hupaushwa kwa dawa, hukaushwa, hupigwa pasi. Montecristi yupo fundi ambaye kazi yake ni kuzipanga kofia na kuzipiga kwa rungu la mbao pamoja na unga wa salfa ili zilainike na kung'aa. Mwisho kabisa kofia huwekwa kwenye kalibu, ya mbao kwa mkono au ya chuma yenye joto kwa mashine, inapata umbo la kichwa na mkunjo wa ukingo. Utepe, kitambaa cha ndani cha kuzuia jasho, nembo, boksi.

Kila hatua hapo ni ufundi wa kweli, na wanaozifanya wanastahili ujira wao. Lakini zitazame kwa macho ya muda. Kukaza ukingo ni kazi ya saa chache. Kupiga kalibu kwa mashine ni dakika. Ukizijumlisha zote hazifikii siku za kusuka. Thamani ya sokoni hata hivyo inapanda hapa, kwa sababu hapa ndipo kitu kinakuwa cha kuvaliwa. Mteja wa kiangazi hawezi kununua kofia ghafi. Anayemiliki kalibu, maji, dawa na stoo ndiye anayemiliki kofia, na kalibu ya chuma yenye mashine yake ni mtaji ambao mama wa kijijini hawezi kuupata kwa kuuza kofia moja moja kila wiki. Mtego unajifunga wenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema dalali ni mwizi. Dalali wa sokoni hana faida kubwa kwa kofia moja. Anakusanya mia, anazipanga, anabeba hatari ya zile zitakazokataliwa Cuenca. Ukimwondoa leo bila kuweka mtu wa kukusanya, mwanamke wa kijiji cha mbali atalipa nauli ya basi inayokula faida yake yote. Pesa kubwa iko juu zaidi, kwenye kumalizia, kusafirisha nje, na rejareja ya nchi za kaskazini.

Kipimo ni cha nani?

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa inaweza kurekebishwa bila mashine yoyote.

Ubora wa kofia ya toquilla unaweza kuhesabika. Unaweza kuhesabu misuko ndani ya inchi moja. Ukiiinua kofia kwenye mwanga utaona duara juu ya duara utosini, kila moja ikionyesha mahali chane mpya zilipoongezwa. Katika kofia ya msuko uleule, duara zikibanana, kofia ni laini zaidi. Mtoto aliyefundishwa anaweza kuhesabu. Hata hivyo hakuna kipimo kimoja kinachotumiwa na wote. Kila muuzaji ana madaraja yake: wa kwanza anaita yake daraja la 8, wa pili anaiita kofia kama hiyohiyo daraja la 15, wa tatu anaandika laini sana na kuacha hapo. Mteja wa mwisho hawezi kulinganisha. Na msukaji sokoni anaambiwa tu, "hii ni ya kawaida," na hana namna ya kubisha.

Angekuwa na kipimo kilichokubaliwa, mazungumzo yangebadilika. Angesema kofia yangu ina misuko kadhaa kwa inchi, hesabu mwenyewe. Bei isingepanda kimuujiza, lakini ingeshikamana na kitu kinachoonekana, na anayesuka vizuri zaidi angelipwa zaidi. Kwa sasa, tofauti kati ya kofia nzuri na nzuri sana hulipwa kidogo mno milimani kiasi kwamba ni busara kusuka upesi na kwa misuko mikubwa. Watu hulalamika kwamba vijana hawasuki kwa ulaini kama wazee wao. Wanasuka kulingana na wanavyolipwa.

Wauzaji nao wameingiza vipimo vya maonyesho. Wanasema pama halisi hukunjwa ikapita ndani ya pete ya kidole, au huwekwa maji isivuje. Kofia laini sana inaweza kuviringishwa, hilo kweli, lakini kila inapokunjwa nyuzi zinachoka, na siku moja itapasuka kwenye mkunjo wa mbele ya utosi. Ukiwa na pama nzuri, ishike kwa ukingo, usiibane utosini kwa vidole, na usiiache ndani ya gari kwenye jua, maana majani yakikauka kupita kiasi huvunjika. Mteja anayefundishwa kuviringisha kofia amefundishwa kuiharibu.

Kilichotokea soko lilipoanguka

Katikati ya miaka ya 1940 kofia za majani zilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Ecuador iliuza nje. Kisha ikaja kuporomoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanaume wa Marekani na Ulaya walianza kuacha kuvaa kofia. Wakati huohuo kofia za karatasi kutoka Asia, zilizosukwa zikafanana na pama kwa mbali, ziliuzwa kwa bei ambayo toquilla haingeweza kushuka kuifikia. Katika miaka ya 1950 Azuay na Cañar zilikuwa kwenye shida ya kweli.

Nani alipoteza nini? Mfanyabiashara wa Cuenca alipoteza oda, akahamishia mtaji wake kwingine. Msukaji alikuwa na ufundi mmoja, usio na soko lingine, na shamba dogo lilelile la mwanzo. Watu wakaanza kuondoka, na cha kushangaza walifuata njia ya kofia: uhusiano wa kibiashara uliokuwepo kati ya Cuenca na New York ulikuwa miongoni mwa milango ya kwanza ya wahamaji. Uhamaji ule haukukoma. Leo vijiji vingi vya Cañar na Azuay vina nyumba kubwa zilizojengwa kwa pesa zinazotumwa kutoka Marekani, na ndani yake wamebaki mabibi wanaosuka. Uchumi wa Ecuador ulipoanguka tena mwishoni mwa miaka ya 1990, na dola kuwa sarafu ya nchi mwaka 2000, wengine wengi waliondoka.

Ninaposikia kwamba ufundi huu unakufa kwa sababu vijana hawapendi mila, nakumbuka tarehe hizi. Ufundi ulikuwa hai vizuri kabisa ulipokuwa unalisha watu.

Yaliyojaribiwa

Mwezi Desemba 2012 UNESCO iliingiza usukaji wa kofia ya toquilla wa Ecuador kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo ni kubwa na siipuuzi. Dunia ilikumbushwa kofia inatoka wapi, na watalii waliongeza hamu ya kumwona msukaji mwenyewe. Lakini orodha haigusi bei ya siku ya soko.

Ecuador pia imelisajili jina la Montecristi kama jina la asili ya bidhaa, ili asiyesuka hapo asiuze kwa jina hilo. Hii ni hatua ya kibiashara hasa, na naiona ya maana zaidi kwa mtu wa Pile. Kofia yake haiwezi kushindana kwa bei, kwa hiyo jina ndilo kinga yake. Ila kinga hiyo haimfuniki mwanamke wa Sígsig, ambaye hayuko Montecristi na hajawahi kudai hivyo. Tena, jina linasema kofia imetoka wapi. Ubora bado unasemwa na muuzaji.

Njia inayogusa kiini cha kisa ni ile waliyoshika wanawake wa Sígsig wenyewe. Waliungana katika chama cha wasuka toquilla cha María Auxiliadora, wakapata makao katika jengo la hospitali ya zamani ya mji, na humo wakaweka kazi za kumalizia: kupausha, kupaka rangi, kupiga kalibu. Kofia inatoka kwao ikiwa tayari kuvaliwa. Wanaweza kuongea na mnunuzi wa nje ana kwa ana, wanaweza kusuka mitindo ya kike yenye ukingo mpana ambayo soko la kiangazi linaitaka, na bei wanayoitaja ni ya kofia kamili.

Haikuwaondolea matatizo yote. Majani bado yanatoka pwani, na yanalipiwa kabla ya kusuka. Oda za kaskazini zina majira: kofia ya kuvaliwa Juni lazima iwe imesukwa na kusafirishwa miezi kadhaa kabla, na mnunuzi mara nyingi hulipa sehemu kubwa mzigo ukishafika. Katikati ya hapo kuna ada za shule, dawa, na mbegu. Mwanachama aliyebanwa anajua kwamba soko la wiki lipo palepale, na dalali analipa taslimu, hata kama ni kidogo. Ndiyo maana chama cha namna hii, cha Sígsig au cha wasuka ukili wa kisiwa chochote cha kwetu kinachotaka kuuzia hoteli, hakihitaji kalibu peke yake. Kinahitaji akiba ya kumlipa msukaji sehemu ya pesa yake siku anapokabidhi kofia, ili aweze kusubiri sehemu iliyobaki.